Nauli rahisi, skii ghali

YEYOTE aliyewahi kupanda basi la kwenda mashambani msimu wa Krismasi akiwa na godoro anajua kwamba nauli ni jambo moja na mzigo ni jambo jingine. Makanga hukukaribisha kwa tabasamu, akakutajia nauli ya kuridhisha na kukuonyesha kiti cha dirishani. Ukishaketi ndipo anapolikumbuka godoro lako kule juu kwenye keria. Hapo bei ya pili huanza, nawe huna pa kukimbilia kwa kuwa dereva ameshawasha injini.

Mashirika ya ndege ya ng'ambo nayo yanaujua mchezo huu, ila huucheza kwa utaratibu zaidi na kwa maandishi madogo. Na hakuna abiria anayeumia kama yule anayesafiri na vifaa vya skii, yaani mchezo ule wa kuteleza kwenye theluji.

Najua kuna msomaji aliyeko Kitui au Mumias ambaye ameshaanza kucheka. Skii zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu. Philip Boit wa Eldoret, aliyekuwa mkimbiaji wa kawaida kabla ya kupelekwa Finland kufunzwa, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Majira ya Baridi kule Nagano, Japan, mwaka wa 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, naye mshindi wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwa karibu dakika 20 ili ampokee kwa kumkumbatia. Boit alishiriki tena mwaka wa 2002 na 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Mnorwe huyo. Miaka 20 baada ya Nagano, kule Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alishuka mlima akiwa amevalia rangi za Kenya.

Lakini leo sitaki kuzungumzia mabingwa. Nataka kuzungumzia watu wasioandikwa magazetini: wauguzi, madereva na walimu wetu walioko Ulaya na Marekani, ambao watoto wao wamekulia kwenye baridi na wanaujua mchezo huu kama wetu wanavyojua kandanda.

Mmoja wao ni dada anayefanya kazi ya uuguzi mjini Reading, Uingereza. Nduguye aliye Nakuru humwekea kurasa hizi, na ndiye aliyenifikishia barua yake. Dada huyu ana watoto wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 10. Walijifunza skii kwenye mteremko wa bandia, ambao si theluji bali ni kitu kama zulia la plastiki lenye nywele ngumu za brashi. Sasa klabu yao imepanga wiki nzima ya likizo ya Februari kule Morzine, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Kila familia itajisafirisha, na mvulana atashindana Jumatatu asubuhi, mara yake ya kwanza kwenye theluji ya kweli.

Mama alikuwa ametenga pesa za zamu za usiku kwa ajili ya safari hiyo. Mumewe akagundua tiketi za bei ya kutupwa, ndege ya alfajiri kutoka Luton. Mama anataka ile ya Heathrow, ambayo nauli yake ni karibu mara tatu. Bwana anasema mkewe anapenda majina makubwa. Bibi anasema mumewe hajawahi kubeba skii hata hadi kituo cha basi. Wamenuniana siku tatu, na swali lililofika mezani kwangu ni hili: nani mwenye haki?

Kabla ya kumhukumu shemeji, ni vyema tuujue mzigo wenyewe. Skii za mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 150 hadi 190 hivi. Za watoto ni fupi, lakini bado hazitoshi kwenye sanduku lolote la kawaida. Pamoja na vyuma vya kufungia viatu, jozi moja huwa na uzito wa kilo tano hadi saba. Viatu vyake ni vigumu kuliko gambuti yoyote uliyowahi kuvaa, na jozi yake inaweza kufika kilo nne au tano. Ongeza fimbo mbili, helmeti na mfuko wenyewe, na utaona kwamba mtu mzima anabeba kilo 12 hadi 15 kabla ya kuweka hata soksi. Shida hasa si uzito. Shida ni urefu. Kitu kirefu hakipiti kwenye mkanda wa kawaida wa mizigo, hupelekwa kando kwenye kaunta ya mizigo mikubwa, hubebwa kwa mikono, na kila mkono unaokigusa ni nafasi nyingine ya kukisahau.

Mashirika ya ndege huuangalia mzigo huu kwa macho tofauti, na hapo ndipo pesa hupotelea.

Yapo yanayoihesabu skii kama mojawapo ya mizigo unayoruhusiwa. British Airways hufanya hivyo. Kama tiketi yako inakupa mzigo mmoja wa kilo 23, mfuko wa skii unaweza kuwa ndio mzigo huo, na sanduku la nguo likawa la pili la kulipiwa. Mashirika makubwa ya Marekani kama Delta, United na American yana huruma kidogo, kwani mfuko wa skii na mfuko wa viatu vyake huhesabiwa kuwa mzigo mmoja, mradi uzito wa vyote viwili usizidi kiasi kilichowekwa. Lakini wanataka mfuko wa viatu uwe na vifaa vya skii tu. Ukijaza humo sweta na chupa za shampuu, karani mwenye roho mbaya ana haki ya kukutoza kama mizigo miwili.

Lipo pia shirika kama SWISS la Uswisi, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa kubeba seti ya kwanza ya skii bila malipo, juu ya mizigo ya kawaida. Nchi yenyewe inaishi kwa milima, kwa hivyo si ajabu. Hata hivyo, usinunue tiketi kwa sifa za zamani. Fungua masharti ya tiketi ile ile unayotaka kununua, ya daraja lile lile na tarehe ile ile, uyasome mwenyewe.

Halafu yapo mashirika ya bei nafuu kama easyJet na Ryanair. Hayafichi kitu, kila jambo lina bei yake na limeandikwa. Skii zina ada yake, sanduku la nguo lina ada yake, na ada hiyo hulipwa kwenda na kurudi. Ukilipia mapema unapokata tiketi, utalipa kidogo. Ukingoja hadi kaunta ya uwanja wa ndege, utalipa zaidi, na mara nyingi zaidi sana.

Mtego ambao huwanasa hata wajanja uko kwenye mashirika yale makubwa yenyewe. Siku hizi British Airways, Lufthansa, KLM na Air France wote huuza tiketi nyembamba ambazo hazina mzigo wowote wa kuweka tumboni mwa ndege. Mtu huona jina kubwa na bei ndogo, akadhani amepata bahati ya mtende. Kumbe amenunua kiti tu. Kanuni isemayo kwamba skii ni sehemu ya mizigo yako haina maana kama huna mizigo ambayo skii zitakuwa sehemu yake.

Sasa turudi Reading tupige hesabu. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu, wala si bei rasmi za shirika lolote, kwani nauli za ndege hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni Wakulima. Lakini zitatuonyesha njia.

Tuseme tiketi ya Luton ni pauni 58 kwenda na kurudi. Watu wanne ni pauni 232. Wazazi hawachezi skii, wao watakunywa chai ya moto na kupiga makofi, kwa hivyo seti za skii ni mbili. Tuseme kila seti inatozwa pauni 40 kwa kila safari. Kwenda na kurudi, seti mbili ni pauni 160. Masanduku mawili ya nguo za baridi kwa pauni 35 kila safari ni pauni 140. Tumeshafika 532. Halafu kuna Luton yenyewe. Kutoka Reading hadi Heathrow kuna basi, lakini hadi Luton sharti uzunguke London au uvuke katikati yake, na ndege ya alfajiri haingoji treni ya kwanza. Teksi ya saa tisa usiku, yenye nafasi ya watu wanne na mifuko miwili mirefu, tuseme ni pauni 90, na nyingine kama hiyo wakati wa kurudi. Jumla: 712.

Tiketi ya Heathrow, ile yenye mzigo mmoja wa kilo 23 kwa kila mtu, tuseme ni pauni 165. Watu wanne ni 660. Wana mizigo minne bila kulipa zaidi: mifuko miwili ya skii na masanduku mawili. Basi la kwenda na kurudi kwa wote, tuseme 80. Jumla: 740.

Zile pauni 428 ambazo shemeji alidhani ameziokoa zimeyeyuka hadi 28. Kwa pauni 28 familia nzima inalala usiku mzima, na mama hasafiri akitoka moja kwa moja kwenye zamu.

Hapo dada atasimama wima na kudai ushindi. Asiharakishe. Mumewe naye ana hoja moja nzito, ingawa hakuitaja: je, skii zote mbili zina haja ya kusafiri?

Kila mji wa skii kwenye Alps una maduka ya kukodisha vifaa, na Morzine imejaa maduka hayo. Msichana wa miaka 10 anakua kila uchao. Skii zinazomfaa Februari hii hazitamfaa Februari ijayo, na hata hizo alizo nazo huenda zilikuwa za mtoto wa jirani. Kumlipia ada ya ndege ili abebe vibao ambavyo vitamwacha baada ya miezi michache ni kutupa pesa. Akodishiwe huko huko. Mvulana ni habari tofauti. Anashindana, ameuzoea mkunjo na uzito wa skii zake, na mtoto wa miaka 13 akipewa skii ngeni asubuhi ya mashindano atakuwa na kisingizio cha maisha. Zake ziende.

Mkiondoa seti moja, hesabu ya Luton inapungua pauni 80 na kuwa 632, ilhali ya Heathrow inabaki pale pale. Hapo shemeji anaongoza kwa pauni 108, na kati ya hizo itatoka pesa ya kumkodishia binti. Kwa hiyo sitamtangaza mshindi kati yenu. Ketini mezani pamoja, kila mmoja na kalamu, mweke bei za kweli za siku hiyo mahali pa bei zangu za mfano. Nikikisia, tofauti itakuwa ndogo mno kuwanunisha watu siku tatu.

Kuhusu viatu siyumbi. Skii zinaweza kukodishwa popote, lakini kiatu cha skii kilichokwisha kujua mguu wa mtu hakina mbadala. Kiatu cha kukodi kikikubana kwenye fundo, wiki yako imekwisha siku ya kwanza. Kwa hiyo wazoefu husafiri na viatu vyao ndani ya ndege kama mzigo wa mkononi, wakaacha vingine vyote vipelekwe na wapakiaji. Viatu vya skii vinaruhusiwa kuingia nawe ndani. Fimbo za skii weka kwenye mfuko unaokabidhiwa, usije ukanyang'anywa kwenye ukaguzi. Jambo hili hubadilisha hata uchaguzi wa shirika. British Airways humruhusu abiria mkoba wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25 pamoja na kipochi kidogo, na mkoba huo unaweza kuwa na uzito wa hadi kilo 23. Viatu vinatosha humo. Kwenye easyJet mkoba wa bure ni ule wa kuingia chini ya kiti, sentimita 45 kwa 36 kwa 20, na humo viatu vya mtu mzima vitakupa kazi. Vya mtoto vyaweza kuingia. Nimesikia kuhusu watu wanaovivaa kabisa ili wakwepe ada. Jaribuni kutembea hivyo kutoka ukaguzi hadi lango la ndege, kisha mniandikie.

Ajenti mmoja wa usafiri alikuwa amemtajia dada huyu njia ya tatu: kupitia Amsterdam, bei ya katikati, na dakika 50 za kubadilisha ndege. Njia hiyo msiitazame mara mbili. Katika dakika 50 binadamu anaweza kukimbia kutoka lango moja hadi jingine. Mfuko mrefu haukimbii. Utashushwa peke yake, utangoje mtu wa mizigo mikubwa, na ndege ya pili ikiwa ndogo huenda nafasi au uzito ukawa umekwisha. Mfuko utakuja kesho, pengine keshokutwa. Kwa mtu wa likizo hayo ni maudhi tu. Kwa mtoto anayeshindana Jumatatu asubuhi, ni safari iliyoharibika. Kati ya mashirika mawili, lile linalokupeleka moja kwa moja ndilo bora, hata kama lina kahawa mbaya. Na lazima ikiwa ni kubadilisha ndege, basi safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, shirika la kwanza likichelewa, la pili halikudai wala halikujui.

Uwanja mnaoshukia nao una uzito wake. Kwa Morzine, Geneva ndio wa kawaida, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa barabara. Una ndege nyingi kutoka London kila siku, kwa hivyo ikikosekana hii kuna tumaini la nyingine. Wanaokwenda Austria huvutiwa na Innsbruck kwa kuwa iko mlangoni mwa milima, lakini uwanja wake umezingirwa na milima hiyo hiyo, njia yake ya kurukia ni ya mita 2,000, na ule upepo wao wa föhn ukichachamaa ndege hupelekwa Munich au kwingineko, abiria wakamalizia safari kwa basi. Zurich na Geneva zina faida nyingine: kituo cha treni kiko pale pale uwanjani, unasukuma kitoroli chako hadi treni.

Epukeni Jumamosi ikiwezekana. Hoteli na nyumba za kupanga kwenye Alps hubadilisha wageni Jumamosi, na Geneva siku hiyo ya Februari hugeuka kama kituo cha Machakos siku ya mkesha wa Krismasi. Ijumaa jioni au Jumapili foleni ni fupi, na mara nyingi nauli pia. Kwa mashindano ya Jumatatu, Jumapili imechelewa mno. Ijumaa ndiyo siku yenu, ikiwa shule itawaruhusu watoto mapema na zamu za mama zitakubali.

Na kwa kuwa ndege inatua Uswisi ilhali hoteli iko Ufaransa, wenye pasipoti za Kenya wakumbuke kwamba kibali cha kuishi Uingereza hakiwafungulii nchi hizo. Visa ya Schengen inahitajika, nayo huombwa kwa Ufaransa kwa sababu ndiko mtakakolala. Wengi hukumbuka skii wakasahau visa.

Wanaoshindana kwa kiwango cha akina Simader wana hesabu nyingine kabisa. Skii za wanawake za giant slalom zina urefu wa sentimita 188, za mbio za kasi hupita mita mbili, na mshindani husafiri na jozi kadhaa. Mtu kama huyo humpigia simu karani wa shirika kabla ya kulipa, akauliza urefu ambao ndege ile inaweza kumeza, kwa sababu ndege ndogo za kwenda viwanja vya milimani zina milango midogo ya mizigo. Mvulana wetu bado hajafika huko. Lakini hata kwa jozi moja, iandikisheni mapema, kwani ndege ikijaa skii wasioandikisha ndio huachwa. Na muulize shirika maana ya neno "seti". Baadhi hukubali jozi mbili kwenye mfuko mmoja mradi uzito usizidi, wengine hutaka jozi moja tu.

Mkiwa na soksi au glavu zenye betri za kupasha joto, betri hizo ziende nanyi ndani ya ndege. Dawa za majimaji za kuondolea nta kwenye skii, zile zinazoshika moto, zibaki nyumbani. Wale wenye mikoba ya kujiokoa na maporomoko ya theluji, yenye mtungi wa gesi, lazima wapate idhini ya shirika kwanza, na Marekani wana masharti makali zaidi.

Je, mfuko usipotokea? Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya pia ni mwanachama wake, unalibana shirika lolote katika safari za kimataifa. Tangu Desemba 28, 2024, kiwango cha juu cha fidia kwa mizigo ya abiria mmoja ni 1,519 katika kipimo cha fedha cha IMF kiitwacho SDR, ambacho ni zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Lakini haki hiyo ina saa yake. Mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku saba, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Msitoke kwenye ukumbi wa mizigo bila kujaza fomu na kupewa nambari. Mkilazimika kumkodishia kijana skii kwa sababu zake zimechelewa, wekeni risiti, kwani gharama za busara zinadaiwa. Skii za bei kubwa kuliko kiwango hicho zinahitaji bima, na bima yenyewe iwe imetaja michezo ya theluji kwa jina. Nyingi za kawaida hazitaji.

Ndugu yeyote anayetoka Nairobi kuungana nao asinunue skii za mtumba huku na kuzibeba. Aende na glavu na miwani, vingine akodishe.

Pigeni picha ya skii za mvulana kabla ya kufunga mfuko, na ndani yake mtie karatasi yenye jina na simu, kwa kuwa lebo ya nje hung'oka. Kwenye karatasi hiyo andikeni anwani ya Morzine na tarehe mtakayoondoka huko. Mkiandika ya Reading, mfuko uliochelewa utapelekwa kwenye nyumba ambayo haina mtu.